Ludlow, mji wa gulio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu watu na uchumi wake

Ludlow uko kusini mwa Shropshire, magharibi mwa Uingereza, si mbali na mpaka wa Wales. Umekaa juu ya kilima. Mto Teme unaupinda kusini na magharibi, na mto Corve unapita kaskazini. Majibu yaliyo hapa yanawahusu zaidi wanaofuatilia historia ya mji: nani aliishi mtaa gani, pesa ilitoka wapi, na nyaraka za zamani zinasomwaje bila kupotoshwa nazo.

Nini kiliufanya Ludlow kuwa mji, si kijiji kikubwa tu?

Ngome na soko, kwa mpangilio huo. Familia ya Lacy, mabwana wa Kinormani, walianza kujenga ngome mwishoni mwa karne ya 11. Mbele ya lango lake ukaachwa uwanja mrefu na mpana ukielekea mashariki hadi pale panapoitwa Bull Ring, palipokuwa pa biashara ya ng'ombe. Uwanja huo ndio uliokuwa soko. Mitaa iliyonyooka, kama Broad Street na Mill Street, ilipimwa ikishuka kutoka sokoni kuelekea mtoni. Kwa hiyo usitafute kituo kilichokua chenyewe kando ya njia: bwana wa ngome alikata viwanja kwa makusudi, akaita watu waje kupanga, akavuna kodi ya viwanja na ushuru wa soko.

Umbali nao ulikuwa na sheria yake. Wanasheria wa karne ya 13 walihesabu kwamba mtu hutembea maili 20 kwa siku; theluthi ya kwenda, theluthi ya kuuza na kununua, theluthi ya kurudi. Hivyo gulio jipya lililowekwa chini ya maili sita na theluthi mbili (kama kilomita 10.7) kutoka gulio la zamani lingeweza kushtakiwa kwa kuliibia wateja. Leominster, gulio kubwa la jirani upande wa kusini, liko umbali wa maili 11 hivi. Ludlow ulikuwa na eneo lake la kujinafasi.

Siku ya gulio mambo yalikwendaje?

Utaratibu ulifanana katika miji mingi ya aina hii. Kengele ililia ndipo biashara ifunguliwe. Aliyeuza kabla ya kengele alipigwa faini. Wenyeji walinunua kwanza mahitaji ya nyumbani, na wafanyabiashara wa jumla waliruhusiwa baadaye. Kila bidhaa ilikuwa na mahali pake: nafaka huku, siagi na mayai kule, mifugo Bull Ring. Mtu wa nje alilipia meza na kulipia mzigo aliouingiza, ilhali aliyesajiliwa kuwa mmoja wa wenye mji alisamehewa ushuru. Msamaha huo peke yake ulitosha kuwafanya wafanyabiashara waihangaikie hadhi hiyo.

Mkate ulidhibitiwa kwa namna inayowashangaza wengi. Chini ya sheria ya mwaka 1266 hivi, mkate wa peni moja ulibaki wa peni moja mwaka mzima. Kilichopanda na kushuka ni uzito wake, kulingana na bei ya ngano sokoni. Ngano ikipanda, mkate unakonda. Wakaguzi walipita na mizani, na mwokaji aliyepunja mara ya kwanza na ya pili alitozwa faini, akizidisha alibanwa shingo na mikono kwenye mbao za aibu hadharani achekwe na kutupiwa taka. Pombe nayo ilikuwa na waonjaji wake rasmi.

Je, walanguzi walikuwepo?

Tele. Sheria iliwagawa makundi matatu: anayewawahi wakulima njiani na kununua kabla hawajafika sokoni, anayenunua na kuuza tena bidhaa ileile katika soko lilelile kwa bei ya juu, na anayehodhi akingoja bei ipande. Sheria ya mwaka 1552 iliyaweka makosa hayo pamoja, ikafutwa 1772, ingawa mabaki yake mahakamani yalidumu hadi 1844. Faini zilikuwa ndogo na majina yaleyale yanarudi mwaka baada ya mwaka, kiasi kwamba katika miji mingi adhabu hiyo inaonekana zaidi kama leseni. Ukikuta mtu ametozwa miaka mitano mfululizo, mhesabu kama mfanyabiashara aliyefaulu, si kama mhalifu sugu.

Matajiri waliishi wapi na maskini wapi?

Swali hili ndilo linalokosewa kuliko yote, kwa sababu watu hutafuta mtaa wa matajiri na mtaa wa maskini. Broad Street kweli ulikuwa wa heshima, na Lower Broad Street, nje ya lango la mji, ulikuwa wa hali ya chini. Lakini tofauti kubwa haikuwa baina ya mitaa. Ilikuwa ndani ya kiwanja kimoja.

Kiwanja cha mpango wa awali kilikuwa chembamba na kirefu sana. Upana wa kawaida katika mitaa mikuu ulikuwa futi 33, yaani kama mita 10, na urefu ukienda nyuma mara kadhaa ya hapo. Mbele kulikaa nyumba ya mwenye mali, duka chini na vyumba juu. Katikati kulikuwa na ua, jiko, ghala, labda chumba cha kuchachulia kimea. Nyuma kabisa bustani na banda la nguruwe. Watu walipoongezeka, kiwanja kiligawanywa kwa urefu, ukapata vipande vya futi 16 na nusu. Na bustani ya nyuma ikajengwa vyumba vya kupangisha, vinavyofikiwa kwa kichochoro kinachopita chini ya nyumba ya mbele. Fundi wa glavu mwenye watoto sita na wakili mwenye watumishi watatu wangeweza kuwa na anwani moja ya mtaa.

Ukiwa Ludlow leo, usiishie kutazama sura za nyumba. Tafuta milango isiyo na dirisha wala namba, myembamba, iliyobanwa kati ya maduka mawili: ndiyo midomo ya vichochoro hivyo. Jihadhari pia na matofali. Nyumba nyingi zinazoonekana za karne ya 18 ni za mbao za karne ya 15 au 16 zilizovalishwa ukuta mpya wa mbele. Paa lenye mteremko mkali nyuma ya ukuta ulionyooka ndilo linalozisaliti.

Mbona uwanja wa soko sasa ni mdogo kuliko inavyoelezwa?

Ulimezwa na meza. Wachuuzi waliweka meza za siku moja. Meza zikawekewa vibanda. Vibanda vikawekewa ghorofa. Baada ya vizazi kadhaa, katikati ya uwanja mpana kukawa na safu za nyumba na njia finyu kati yake, na kila safu ilihusishwa na bidhaa zake. Ndiyo maana King Street na High Street zinabana ghafla. Mamlaka haikupinga sana, kwa kuwa jengo la kudumu hulipa kodi kila mwaka na meza hulipa siku ya gulio tu. Kilichobaki wazi ni sehemu iliyo mbele ya ngome. Hata hiyo ilijengwa jumba la mji mwishoni mwa miaka ya 1880, likabomolewa 1986, na meza za soko zikarudi pale pale.

Jengo la mawe lenye nguzo lililo mwisho wa juu wa Broad Street, Buttercross, lilikamilika miaka ya 1740 kwa ramani ya William Baker. Chini, penye kivuli, iliuzwa siagi. Juu palikuwa na shule ya watoto maskini.

Utajiri wa kwanza ulitoka wapi?

Sufu. Kondoo walichungwa kwenye vilima vya mpaka wa Wales, na wafanyabiashara wa Ludlow wakakusanya sufu hiyo na kuipeleka ng'ambo, hasa Flanders (sehemu ya Ubelgiji ya leo). Ilipimwa kwa gunia la ratili 364, yaani kilo 165, lililohitaji manyoya ya kondoo zaidi ya 200. Aliyepanda juu kuliko wote ni Laurence wa Ludlow. Mwaka 1291 alipata kibali cha mfalme kuiimarisha nyumba yake ya Stokesay kama ngome, na nyumba hiyo bado imesimama, maili chache kaskazini mwa mji. Alizama baharini mwaka 1294 akiwa katika msafara wa meli za sufu.

Baadaye, faida ilihama kutoka sufu ghafi kwenda kitambaa. Kazi ilikatwa vipande: kuchambua na kuchana, kusokota, kufuma, kisha kitambaa kinapelekwa kwenye kinu cha maji mtoni kupigwa kwa nyundo za mbao ndani ya maji na udongo maalumu hadi kishikane na kusinyaa, halafu kinatandazwa kwenye fremu zenye misumari kikauke kikiwa kimenyooka. Mfumaji mmoja wa kitambaa kipana alihitaji wasokotaji watano au zaidi, na karibu wote walikuwa wanawake wa mjini na vijijini. Mito miwili ya Ludlow, yenye maporomoko madogo yaliyojengwa kwa ajili ya vinu, ndiyo iliyoufaa mji kwa kazi hii. Kufikia karne ya 17 biashara hiyo ilikuwa imefifia mbele ya ushindani wa miji mingine.

Palmers' Guild kilikuwa chama cha wafanyabiashara?

Hapana, na kukichanganya na vyama vya mafundi ni kosa la kawaida. Kilianzishwa karne ya 13 na kilifanana zaidi na chama cha kufa na kuzikana. Mwanachama alilipa kiingilio, kwa awamu akitaka, na chama kikaajiri mapadri wa kumwombea yeye na jamaa zake hai na wafu. Wakusanyaji wake walisafiri sehemu nyingi za Uingereza na Wales wakiandikisha watu ambao hawakuwahi hata kuuona mji.

Kiuchumi, lililo muhimu ni kwamba waliokufa walikiachia nyumba. Chama kikawa mwenye nyumba mkubwa kuliko wote mjini, kikiendesha shule na kutunza makao ya wazee maskini yaliyotokana na wasia wa mfanyabiashara John Hosyer. Kilivunjwa 1551 wakati wa mageuzi ya kanisa, na 1552 mali yake ikapewa halmashauri ya mji kwa masharti ya kuendelea na shule na makao hayo. Miji mingi ilipoteza mali za vyama vyake kwa mfalme. Ludlow uliponea hapo. Ila wakubwa wa halmashauri walianza kupangishana nyumba hizo wao kwa wao kwa kodi ya chini, na malalamiko ya miaka ya 1590 yalifika mahakamani.

Wanasheria wengi walitoka wapi katika mji wa kondoo?

Kuanzia miaka ya 1470 Ludlow ukawa makao ya Baraza la Wales na nchi za mpakani, lililokuwa mahakama na serikali ya eneo kubwa. Wadai na wadaiwa walikuja na mashahidi wao, wakasubiri wiki nzima, wakalala, wakala, wakanywa. Fedha hiyo iliingia kwa wenye nyumba za wageni, washonaji, waoka mikate, makarani. Jengo maarufu la Feathers, lenye mbao nyeusi zilizonakshiwa, lilijengwa 1619 na Rees Jones, wakili aliyefanya kazi katika Baraza hilo. Hoteli limekuja kuwa baadaye.

Baraza lilifutwa 1689. Mji haukuanguka, maana gulio halikumtegemea mfalme, na mabwana wa mashamba walikuwa wamezoea kuja kukaa mjini msimu wa baridi, na dansi zao, daktari wao na mtengeneza kofia wao. Nyumba za matofali za Broad Street zilijengwa na kizazi hicho.

Nani alikuwa na sauti katika utawala?

Wachache mno. Hati ya mfalme Edward IV ya mwaka 1461 iliupa mji mamlaka yake: wasimamizi wakuu wawili, baraza la watu 12 na jingine la watu 25, pamoja na haki ya kupeleka wabunge. Mabaraza yalijichagulia wajumbe yenyewe. Kura ya ubunge ilikuwa ya wenye mji tu, na njia za kuingia zilikuwa hasa mbili: uwe mtoto wa kiume wa mwenye mji, au umwoe binti wa mwenye mji. Binti mwenyewe hakupiga kura, lakini haki ilipita kwake kwenda kwa mumewe, na kwa fundi kijana hiyo ilikuwa sehemu ya hesabu za ndoa. Karne ya 18 ukoo wa Clive uliingia na kuutawala mji kisiasa kwa vizazi. Sheria ya halmashauri ya mwaka 1835 ndiyo iliyowavunjia wateule ukuta.

Glavu zilikuwa na uzito gani katika uchumi?

Mkubwa, kwa muda mfupi. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa 19 ndiyo iliyokuwa kazi kuu ya mikono mjini. Ngozi ya mwanakondoo au mwanambuzi ililainishwa kwa shabu, chumvi, unga na kiini cha yai. Wanaume walikata: kipande kimoja cha kiganja na mgongo, kipande cha gumba, na vipande vyembamba vya katikati ya vidole. Wanawake na wasichana walishona nyumbani, wakilipwa kwa jozi. Glavu za nje zilikuwa zimepigwa marufuku. Marufuku ilipoondolewa 1826, glavu za Ufaransa zikaingia na kazi ikaporomoka. Pigo liliangukia zaidi vyumba vya nyuma ya viwanja kuliko nyumba za mbele, na ndiyo maana wageni wa miaka hiyo waliotembea barabara kuu waliuona mji ukiwa na neema.

Maskini walisaidiwaje?

Kuanzia 1601 kila parokia ilitoza kodi kwa ajili ya maskini wake. Neno zito hapo ni "wake". Sheria ya 1662 iliruhusu mgeni anayeonekana atakuwa mzigo afukuzwe ndani ya siku 40 na kurudishwa alikotoka. Uenyeji ulipatikana, pamoja na njia nyingine, kwa kumaliza mwaka mzima wa kazi ya kuajiriwa; ndipo waajiri wakabuni mikataba ya wiki 51. Wafanyakazi wa mashamba na wa nyumbani walitafutiwa kazi kwenye maonyesho ya ajira. Maonyesho ya Mei ya Ludlow bado yapo, siku hizi yakiwa ya bembea na taa. Sheria mpya ya 1834 iliunganisha parokia, na nyumba ya kazi, ambamo maskini walipewa malazi kwa kufanya kazi, ikajengwa mwishoni mwa muongo huo.

Reli ilisaidia au iliumiza?

Vyote viwili. Ilifika kutoka Shrewsbury mwaka 1852. Mifugo na nafaka vilisafiri kwa urahisi, lakini mabehewa hayohayo yalileta viatu, misumari na nguo za viwandani, na mafundi wadogo wakafunga. Craven Arms, mahali jirani palipokuwa njia panda tu, ukawa makutano ya reli na ukageuka kituo kikubwa cha minada ya kondoo.

Leo watu wanaishi kwa nini?

Mji una watu kama 10,000 na majengo karibu 500 yanayolindwa kisheria. Utalii, migahawa, maduka madogo, huduma kwa wastaafu, na karakana pembezoni mwa mji. Tamasha la chakula lilianza 1995. Gulio huwa Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Ugumu wake ni ule wa miji mizuri yote ya aina hii: nyumba hununuliwa kwa pesa iliyopatikana kwingine, wakati mishahara ya hapa ni ya jikoni, dukani na ya kulea wazee.

Nawezaje kukadiria idadi ya watu kabla ya sensa?

Kwa kodi ya kichwa ya 1377, iliyotozwa peni nne kila mtu wa miaka 14 na zaidi, isipokuwa ombaomba. Ludlow ulihesabiwa walipaji 1,172. Zidisha kwa 1.65 hadi 1.9 ili kuongeza watoto na waliokwepa: unapata kati ya 1,930 na 2,230. Usitoe namba moja. Na kumbuka tauni ilikuwa imepita 1349, kwa hiyo mji huo ulikuwa umeshapungua.

Na kodi ya meko?

Ilitozwa 1662 hadi 1689, shilingi mbili kwa kila meko kwa mwaka, nusu mwezi Machi na nusu Septemba. (Shilingi yao ilikuwa peni 12, si senti 100.) Kwa idadi ya watu, zidisha kaya kwa 4.25 au 4.5, na uhakikishe waliosamehewa wamo kwenye orodha. Mara nyingi waliandikwa ukurasa tofauti au hawakuandikwa kabisa. Kwa utajiri, meko moja kwa kawaida ni kibarua au mjane, mawili au matatu ni fundi, zaidi ya matano ni mfanyabiashara mkubwa au mwanasheria. Mtego uko kwa wenye nyumba za wageni: meko 10 ni ya wateja wake. Mhunzi naye alitozwa kwa tanuri lake la kazi.

Sensa inaweza kuaminiwa kiasi gani?

Za 1801 hadi 1831 zina jumla tu kwa matumizi mengi. Ya 1841 ina majina, ila umri wa waliozidi miaka 15 ulishushwa hadi namba ya chini inayogawanyika kwa tano: aliyeandikwa 30 anaweza kuwa na 34. Haisemi uhusiano wa watu wa nyumba moja. Anza na ya 30 Machi 1851, inayotaja umri kamili, uhusiano, kazi na parokia ya kuzaliwa. Hapo ndipo utaona nani ni mzaliwa na nani ametoka vijiji vya Wales.

Safu ya kazi isomwe kwa tahadhari. Mke anayesaidia dukani au kushona usiku mara nyingi ameachiwa nafasi tupu. "Mwenye duka la viatu" na "fundi viatu" huandikwa kwa neno lilelile, mpaka uone maelezo kwamba anaajiri watu kadhaa. Linganisha na vitabu vya orodha za biashara vya miaka hiyo, ukijua navyo viliwaacha vibarua wote. Daftari za parokia na za halmashauri zinatunzwa Shropshire Archives, mjini Shrewsbury. Kumbukumbu za kodi ziko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Kew, London. Sensa hufunguliwa baada ya miaka 100, na ya 1921 ilitolewa 2022. Ya 1931 iliungua 1942, ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, na pengo hilo huzibwa na daftari la wakazi wa nchi la Septemba 1939.